Anayenunua karatasi ya chooni siye anayeitumia

Vyoo vya ofisi za Dar es Salaam vimepata mgeni katika miaka ya karibuni. Ni kasha la plastiki, duara, kubwa kama sinia la pilau la watu wanne, limepigiliwa ukutani na kufungwa kwa ufunguo. Ndani mna roli moja nene, na kwa chini pana mwanya unaotoa karatasi nyembamba kiasi kwamba ukiitandaza juu ya gazeti unasoma vichwa vya habari bila taabu. Unavuta, inakatika. Unavuta tena, kinakuja kipande kisichozidi tiketi ya daladala. Ncha ikirudi ndani unaingiza vidole kuitafuta gizani, meno ya kasha yanakukwaruza, na saa hiyo si saa ya mtu kufanya uchunguzi. Wafanyakazi ninaowasikia wamelitafsiri kasha hilo kwa namna mbili. Wapo wanaosema mwajiri ametuona wezi, ndiyo maana akaweka kufuli. Wengine wanasema ni ubahili tu, ule ule uliopunguza sukari kwenye chai ya saa nne.

Tafsiri zote mbili zinampa mwajiri sifa asiyostahili, kwamba amekaa akalifikiria jambo hili. Hajalifikiria. Karatasi ya ofisini ni mbovu kwa sababu inapita kwenye mikono mingi kabla ya kufika chooni, na katika mikono hiyo hakuna hata mmoja utakaoitumia. Anayeandika mahitaji anahesabu maroli. Anayetathmini zabuni anatazama bei ya roli. Mkaguzi anatazama kama bei hiyo ndiyo iliyokuwa ya chini. Kampuni ya usafi inatazama kitakachobaki mfukoni mwake mwisho wa mwezi. Kila mmoja anafanya kazi yake sawasawa, na matokeo ya watu wote hao kufanya kazi sawasawa ni ile karatasi. Ndiyo maana kumlaumu bosi hakujawahi kuibadilisha, na kubadilisha bosi pia hakujaibadilisha.

Kwanza tuweke sawa dhana moja, kwamba ofisi hununua karatasi ile ile ya nyumbani, ila ya bei ya chini. Karatasi ya ofisini ni bidhaa nyingine, na mwaka 2020 ulionyesha hivyo waziwazi. Korona ilipofunga ofisi na shule za Marekani, Uingereza na Australia, tulicheka kuona watu wakigombania karatasi ya chooni madukani. Tulisema ni hofu, na hofu ilikuwepo kweli. Lakini ilikuwepo pia sababu isiyochekesha. Watu waliozoea kwenda haja kazini na shuleni sasa walikuwa nyumbani saa zote. Georgia-Pacific, mmoja wa wazalishaji wakubwa wa Marekani, ilikadiria kwamba kaya ambayo watu wake wote wamebaki ndani ingetumia karatasi zaidi ya kawaida kwa takriban asilimia 40. Wakati rafu za madukani ziko tupu, maroli ya maofisini na mahotelini yalikuwa yamekosa pa kwenda. Kuyahamishia madukani haikuwa kazi ya siku moja: hayaingii kwenye kishikio cha nyumbani, hayana vifungashio vya rejareja, yanatoka kwenye mashine nyingine na yanasafiri kwa mikataba mingine. Kumbe kulikuwa na mito miwili isiyokutana. Mmoja unauza kwa mtu anayeibonyeza karatasi kabla hajalipa. Mwingine unauza kwa mtu anayesoma orodha ya bei.

Na ulaini wa karatasi si siri ya uchawi. Rojo la mbao linamwagwa kwenye wavu, linakamuliwa, linabandikwa kwenye silinda kubwa ya moto, kisha bapa la chuma linaikwangua karatasi ikiwa imekauka. Pale inapokwanguliwa inajikunja mikunjo midogo mno, na mikunjo hiyo ndiyo ulaini tunaoushika kwa vidole. Mengine ni nyuzi. Nyuzi ndefu za miti kama misonobari hutoa uimara, nyuzi fupi za miti kama mikaratusi hutoa ulaini, na nyuzi zilizosagwa upya kutoka karatasi taka hupungua urefu kila zinaporudi kiwandani. Afrika Mashariki haina rojo la kuchezea. Kiwanda cha Webuye, magharibi mwa Kenya, kilichoanza kazi mwaka 1974, kilisimama mwaka 2009. Mgololo, kule Mufindi, kilichoanza mwaka 1985, kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu za mifuko kama ya saruji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tishu zetu za bei ya chini inatokana na karatasi taka, na taka nzuri kuliko zote ni karatasi nyeupe za ofisi. Ile taarifa ya robo mwaka uliyoichapa nakala 40 na hakuna aliyeisoma, kuna uwezekano mzuri kwamba itarudi ofisini na safari hii itatumika.

Sioni ubaya kwenye karatasi taka. Karatasi ya taka iliyotengenezwa kwa uangalifu, yenye matabaka mawili, inafaa kabisa. Tatizo linaanza baadaye, kwenye kukata. Karatasi hutoka kiwandani ikiwa marobota makubwa, kisha hukatwa na kuzungushwa kuwa maroli, na hapo pana nafasi ya kupunja bila mtu kuona. Unaweza kuzungusha kwa kulegeza, roli likaonekana nene kumbe limejaa hewa. Unaweza kupanua kile kikaratasi kigumu cha katikati. Unaweza kupunguza upana kwa nusu sentimita. Marekani, ambako kipande kilizoeleka kuwa inchi 4.5 kwa 4.5, siku hizi vingi havifikii hapo, na mteja wa dukani ambaye macho yake yako kwenye bei haoni. Sasa ikiwa mteja anayelipa kwa fedha yake mwenyewe hupunjwa, itakuwaje kwa taasisi inayonunua maroli elfu kwa karatasi iliyoandikwa neno moja, “roli”?

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya tathmini ya zabuni ya vifaa vya usafi katika taasisi moja. Tulikuwa wanaume wanne na mwanamke mmoja. Sampuli ziliwekwa mezani: mzabuni mmoja alileta roli jeupe, zito, lenye harufu ya maua, mwenzake alileta la kijivu, jepesi kama mfuko wa karanga. Kwa muda wa saa mbili tulijadili cheti cha mlipakodi, leseni ya biashara na hati ya uwakilishi ambayo haikuwa na muhuri mahali pake. Hakuna aliyenyoosha mkono kugusa roli lolote. Tulimpa kazi mwenye bei ya chini. Tulipoinuka, lile roli jeupe halikuwepo tena mezani, na mimi sikuuliza.

Nimesimulia hili kwa sababu ya zile saa mbili, maana hatukuwa wazembe. Tulikuwa tunajikinga. Mtumishi wa umma anayenunua karatasi ya shilingi 1,000 wakati ya shilingi 500 ilikuwepo anajua kitakachofuata: mkaguzi ataandika hoja, na hoja ya ukaguzi inajibiwa kwa maandishi, inafuatiliwa mwaka unaofuata, inaweza kumzuia mtu cheo. Anayenunua karatasi mbovu hapati hoja yoyote, kwa kuwa ubovu hauonekani kwenye hati ya malipo. Sheria zetu za ununuzi zinataka thamani ya fedha, na maneno hayo ni mazuri. Lakini thamani ina pande mbili, kile ulicholipa na kile ulichopata, na ni upande mmoja tu wenye risiti. Kwenye jenereta au gari, upande wa pili hujitokeza wenyewe kwa kuharibika, na watu wataulizana. Karatasi ya chooni ikishindwa kazi, inashindwa mbele ya shahidi mmoja ambaye hatataka kutoa ushahidi.

Kisha kuna kampuni za usafi, na hapa ndipo penye kiini ambacho watu wengi hawakioni. Tangu mageuzi ya utumishi wa umma ya miaka ya 1990 yalipopunguza kada za chini, usafi na ulinzi wa ofisi nyingi ulihamia kwa kampuni binafsi, na mashirika ya binafsi nayo yakafuata njia hiyo hiyo. Mikataba mingi ya aina hii inalipa kiasi kimoja kwa mwezi, ndani yake mna mishahara ya wafagiaji, sabuni, dawa na karatasi. Ukishasaini mkataba wa namna hiyo, umemfanya mzabuni kuwa adui wa kila roli. Kila kipande unachovuta kinatoka kwenye faida yake. Hawezi kupunguza mishahara sana, maana tayari iko chini kabisa. Anachoweza kupunguza ni unene wa karatasi na idadi ya siku ambazo kasha lina kitu ndani. Lile kasha lenyewe, kwa desturi ya biashara hii duniani, mara nyingi msambazaji hulitoa bure au kwa bei ya kutupa, mradi utanunua kwake maroli yanayoingia humo. Kufuli linamlinda msambazaji dhidi ya roli la mshindani kama vile linavyomlinda mwajiri dhidi ya mfanyakazi.

Mbinu hiyo ni ya zamani. Uingereza, iliyoturithisha mafaili, mihuri na kasma, ilikuwa na karatasi ya ofisi na shule iliyoitwa Izal. Ilikuwa ngumu, inateleza, inanuka dawa. Walioitengeneza, Newton Chambers, walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na wafua chuma wa karibu na Sheffield waliopata dawa ya kuua vijidudu kutokana na mabaki ya makaa, na karatasi ile ilianza kama nyongeza waliyopewa bure wanunuzi wakubwa wa dawa, hasa halmashauri. Kwenye karatasi za ofisi za serikali ya huko yaligongwa maneno “Mali ya Serikali”, kana kwamba kuna ambaye angetamani kuiba. Nyumbani kwao, Waingereza walianza kupata karatasi laini ya matabaka mawili ya Andrex mwaka 1942. Ofisini waliendelea na ile ngumu kwa miongo mingine. Mtu yule yule, siku ile ile, karatasi mbili tofauti. Kilichobadilika ni nani aliyekwenda dukani.

Ni nani aliyewahi kuikataa karatasi ya ofisini na akasikilizwa? Mfano unaojulikana ni wa Beatles. Katika studio za kampuni ya muziki ya EMI za Abbey Road, London, inasimuliwa kwamba waliikataa karatasi ya hapo kwa kuwa ilikuwa ngumu na inang'aa, tena ina chapa ya EMI kila kipande. Roli lenyewe lilihifadhiwa, na mwaka 1980 likauzwa mnadani. Lakini hebu pima uzito wa walalamikaji: ilibidi uwe miongoni mwa wanamuziki wanne maarufu kuliko wote duniani ndipo neno lako kuhusu karatasi ya chooni liwe na uzito. Kwetu, taasisi za umma zina mabaraza ya wafanyakazi. Ajenda ni posho, kupandishwa madaraja, likizo, michango ya mifuko. Nani atasimama mbele ya mkurugenzi mkuu, mbele ya shemeji yake wa idara ya uhasibu, aseme karatasi inamchubua? Atabatizwa jina, na jina hilo litamfuata mpaka sherehe ya kustaafu. Soko linalotegemea malalamiko ya wateja haliwezi kufanya kazi mahali ambapo kulalamika ni aibu. Na wale ambao neno lao lingesikika bila wao kulalamika, yaani wakurugenzi, mara nyingi wana choo chao ndani ya ofisi, na roli la humo hununuliwa na katibu muhtasi wao, dukani, kwa kubonyeza.

Wapo wenye majibu, na baadhi ya majibu yao ni ya maana. La kwanza ni wizi. Nakubali kabisa kwamba roli zuri lisilofungwa halifiki jioni. Roli jeupe la kamati yetu ni ushahidi tosha. Mtu anayelipwa kidogo na kucheleweshewa mshahara haoni dhambi kubwa kwenda na roli moja nyumbani. Hata nje ya ofisi mambo ni hayo hayo: mwaka 2017, bustani ya Hekalu la Mbinguni jijini Beijing ilichoshwa na wageni waliojaza mikoba karatasi, ikaweka mashine inayotambua uso wa mtu, inampa sentimita 60, kisha anangoja dakika tisa kabla ya kupewa tena. Kwa hiyo wizi upo. Lakini ifuate hoja hii mpaka mwisho wake. Ikiwa karatasi ilikuwa mbovu ili isiibwe, basi siku lilipowekwa kasha lenye kufuli sababu hiyo ilikufa. Hakuna atakayetoka getini na gurudumu lile kwenye pochi. Kwa nini basi baada ya kufuli karatasi haikuboreka? Katika ofisi nyingi ninazozijua ilizidi kuwa nyembamba, kwa kuwa sasa mtumiaji hata hawezi kubadilisha roli wala kujua limebaki kiasi gani. Wizi ulieleza kasha. Haukuwahi kueleza karatasi.

La pili ni mabomba. Fundi wa jengo atakwambia karatasi nene inaziba, hasa kwenye majengo ya zamani ambako maji yanapanda kwa kusitasita. Ana hoja. Karatasi ya tabaka moja inayeyuka upesi, na mwenye shimo la maji taka linalojaa kila baada ya miezi michache ana sababu ya kuijali. Ila ukimwomba fundi huyo huyo akuonyeshe alichokitoa kwenye bomba, mara nyingi atakuonyesha pedi, vitambaa vya kufutia watoto, gazeti na karatasi za kudurufu. Gazeti na karatasi za kudurufu huingia chooni siku ambayo karatasi yenyewe haipo au haifai. Kwa maneno mengine, jengo linalobana karatasi ili kuokoa bomba huenda ndilo linalolisha bomba magazeti.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi: sisi ni watu wa maji, karatasi ni mambo ya Wazungu, kwa nini tusumbuke na ubora wake? Nimeisikia kwa wazee wa pwani, nimeisikia kwa maofisa wanaotaka kufunga mjadala. Ni kweli sisi ni watu wa maji. Kuchamba kwa maji ni safi kuliko karatasi, sina ubishi, na mipira ya kujipigia maji iliyoenea kwenye vyoo vyetu kama ilivyoenea Uarabuni ni uamuzi wa busara. Lakini maji yanahitaji kuwepo. Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua, DAWASA ilitangaza mgao wa maji Dar es Salaam, na maghorofa marefu yenye pampu yakabaki na ndoo. Hata katika miezi ya neema, hesabu ni mipira mingapi kwenye vyoo vya ofisi yako ina kichwa kizima. Zaidi ya hapo, anayetumia maji lazima ajikaushe, la sivyo atatoka na nguo iliyolowa na wengine hawataona kwamba swala yao iko sawa. Hapa ndipo hoja inapomgeukia msemaji. Karatasi ya chooni hutengenezwa kwa makusudi bila dawa ya kuishika inapolowa, tofauti na tishu za jikoni, ili imeng'enyuke kwenye bomba. Ya matabaka mawili inastahimili sekunde chache ikiwa mbichi, zikakutosha. Ya tabaka moja inageuka uji mkononi na kuacha vijipande mahali ambapo mtu hawezi kuvitazama. Wahenga walisema kuchamba kwingi huondoka na mavi. Hawakuiona hii, ambayo hata kuchamba kidogo hukuacha na karatasi. Mtu wa maji anahitaji karatasi chache lakini imara kuliko mtu wa karatasi tupu. Na ikiwa kweli hatuihitaji, basi tusiinunue kabisa, tutengeneze mipira. Kununua mwaka mzima kitu kisichofanya kazi, kisha kujitetea kwamba hatukihitaji, ni kuhalalisha hasara mara mbili.

Hata hiyo akiba yenyewe ina mashaka. Tufanye hesabu ya mfano. Namba ni zangu, weka za ofisini kwako. Roli la kwanza ni shilingi 500, lina vipande 150 vya tabaka moja. La pili ni shilingi 1,000, vipande 200 vya matabaka mawili. Kwa lile la kwanza watu hujizungushia mkononi kama bendeji, tuseme vipande 12 kwa safari moja. Roli limekwisha baada ya safari 12 hivi, kila safari imegharimu kama shilingi 40. Kwa la pili vipande sita vinatosha, roli linafika safari 33, kila moja shilingi 30. Karatasi ya bei ya chini imekuwa ghali zaidi kwa theluthi. Sitaki kukudanganya: mtumiaji wa roli la pili akivuta vipande tisa badala ya sita, gharama inafika shilingi 45 na roli la kwanza linashinda. Ndiyo maana sisemi karatasi nzuri ni nafuu siku zote. Ninasema hakuna anayejua, kwa kuwa hesabu ya safari haifanywi. Inafanywa hesabu ya maroli.

Hesabu nyingine isiyofanywa ni ya nani anayelipa tofauti. Tembea kwenye foleni ya magari asubuhi, utaona machinga wanauza pakiti ndogo za tishu za mfukoni, na wanunuzi wengi ni watu wanaoelekea kazini. Kila pakiti ni sehemu ya gharama za ofisi iliyohamia kwenye mshahara wa mfanyakazi. Na haihamii kwa usawa. Mwanamke anahitaji karatasi kila aingiapo chooni, mwanamume mara moja moja. Sera ya “karatasi ipo kwa sekretari, kaombe” ni usumbufu wa mara chache kwa mmoja, na ni wa kila siku kwa mwingine, pamoja na kumtangazia kila mtu unakoelekea. Anayebeba lawama zote ni dada wa usafi. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa kasha, yeye ndiye anayefokewa likiwa tupu, na yeye hapangi chochote: amepewa maroli ya wiki nzima na kuambiwa yakiisha Jumatano atajua mwenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke vyoo. Ubora wa kilichomo ndani ya kasha umeachwa kwa soko, na soko lenyewe ndilo hili nililolieleza.

Ikiwa chanzo ni jinsi tunavyonunua, dawa haiko kwenye semina ya maadili wala tangazo la “Tumia karatasi kwa uangalifu” lililobandikwa juu ya sinki. Iko kwenye maneno machache ya hati ya zabuni. Kipimo kiwe mita, siyo roli. Matabaka yatajwe. Uzito utajwe kwa gramu kwa mita ya mraba, ili anayeleta hewa iliyozungushwa ajulikane kwenye mizani. Karatasi itolewe kwenye ule mkupuo wa mwezi wa kampuni ya usafi na kulipwa peke yake kwa kadiri ilivyotumika, ili mfagiaji asiwe na bosi anayefaidi kasha likiwa tupu. Sampuli iliyoshinda ibaki stoo, ipimwe na mzigo wa mwezi wa sita, maana mzigo wa kwanza daima ni mzuri. Mkaguzi naye akipewa mita na gramu atakuwa na kitu cha kuandikia hoja upande ule wa pili, na hofu ya hoja, ambayo leo inaleta karatasi mbovu, itaanza kuivuta kuelekea kwingine. Najua kuna gharama: kupima ni kazi, na ofisi yenye watumishi 15 haiwezi kuajiri mtu wa kupima tishu. Kwa ofisi ndogo kama hiyo kuna njia fupi zaidi. Mkurugenzi atumie choo cha wote kwa mwezi mmoja.

Mwaka uliofuata ile kamati, nilimfuata afisa ugavi kabla fomu haijatoka, nikamwomba aongeze safu ya urefu. “Mzee, sasa hiyo nani atakaa kuipima?” aliniuliza, kwa heshima zote. Nilimwambia futi kamba inauzwa Kariakoo, kwa bei isiyofika hata ya bunda moja la maroli. Akacheka, akaandika “kipimo: roli”, akageuza ukurasa wa sabuni.